Kahonzi na Shavu Baya la Embe

Kahonzi akicheka, fundi wa kiwanda huzima mkanda wa kupitishia maembe. Mara mbili nimemwona kwa macho yangu akikimbilia swichi kwa kudhani kuna chuma kimekatika kule ndani, kumbe ni Kahonzi kasimuliwa jambo na wenzake. Mimi ndiye karani wa kiwanda hicho. Naitwa Zuleikha, mzaliwa wa Malindi mjini, na wote wanaonijua watakwambia nina hasira za karibu. Nimegombana na kila mtu pale kiwandani isipokuwa yeye, si kwa kuwa sikujaribu, ila kila nikianza yeye hucheka, nami nasahau nilichokuwa nikikasirikia.

Kazi yetu ni maembe. Tunakausha vipande na kukamua juisi, kiwanda kiko upande wa Ganda, na msimu ukifika wakulima wanatuletea kreti kutoka Magarini, Ganze na kwengineko. Kabla embe halijaguswa na kisu hupita mikononi mwa wanawake thelathini na mmoja walioketi kwenye meza ndefu. Wao hulishika, huligeuza, hulinusa, kisha hulitupa kwenye rundo moja kati ya matatu: la kukausha, la juisi, au la kutupwa. Kahonzi ndiye kiongozi wao.

Alizaliwa Vitengeni, mamake akiuza maembe sokoni, na anasema alijua kupanga mafungu kabla hajajua kusoma. Embe lina mashavu mawili, na shavu zuri ndilo linalomtazama mnunuzi. Lile lenye kovu hulala chini. Si wizi, ni adabu, kama mtu anavyovaa nguo safi kwenda kwa watu. Shule aliiacha darasa la sita. Alipokuja kiwandani kwetu, miaka kumi na tisa sasa, aliomba kazi ya kufagia. Siku ya tatu msimamizi alimkuta ameinama kwenye rundo la kutupwa, anatoa maembe na kuyapanga kando. Akamfokea. Kahonzi akamkatia moja, akampa kipande, na jioni hiyo hiyo akawa ameketi mezani.

Siku za kazi anakaa mtaa wa Kisumu Ndogo, hapo hapo Malindi, chumba cha kupanga. Jumamosi anakwenda kwa mumewe Kalume, aliyebaki Vitengeni na shamba lao. Mwenyewe anasema ndoa yake imedumu kwa sababu wanaonana siku moja kwa juma, na siku moja haitoshi kugombana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Novemba ya msimu uliopita Bwana Azim, mwenye kiwanda, alituita sote uani. Azim ni mtu mpole, kiwanda alikirithi kwa babake, na akiwa na habari mbaya hutazama viatu vyake. Siku hiyo alivitazama sana.

"Mama zangu," alisema, "mnajua nani ananunua karibu maembe yetu yote makavu. Yule mama wa Mombasa. Ameniambia msimu ujao hatochukua hata kipande ikiwa uchambuzi haufanywi na mashine yenye macho. Hii akili mnemba inayozungumzwa kila mahali. Nina njia mbili. Naweza kuleta mashine iliyokwisha kufundishwa ng'ambo, ikaendeshwa na watu sita tu. Au nilete ile nyengine, isiyojua kitu, muifundishe ninyi wenyewe. Ikifuzu mbele yake mwisho wa Januari, mtabaki nyote. Mzigo utazidi, zamu zitakuwa mbili, na kila zamu itataka watu wa kuiangalia na kuikosoa. Isipofuzu, sitakuwa na la kufanya."

Thelathini na mmoja, watu sita. Hesabu hiyo haikuhitaji karani. Nilimwona Mama Nyale, mkubwa wao kwa umri, akishika ncha ya leso yake na kuikunja, na kuikunjua, na kuikunja tena. Ana wajukuu wanne nyumbani kwake na hana mwengine wa kuwalisha.

Kahonzi akasimama. "Bwana Azim, lete hiyo isiyojua kitu. Itafuzu. Na simwachi mtu nyuma, hata mmoja."

Nilikasirika mno. Mtu anaahidije jambo asilolijua mkia wala kichwa? Nikamfuata hadi bombani kumwambia. Akaniuliza, "Bi Zuleikha, wewe ulizaliwa unajua kupiga chapa?" Nikasema la. "Basi na mimi utaniona." Akanawa mikono, akaenda zake.

Mwezi uliofuata akaja mwalimu wa mashine, kijana wa Nairobi aitwaye Ndirangu, begi mgongoni. Aliingia, akafika mezani kwa Mama Nyale, akasalimu kama vijana wa kwao, "Sasa, mathe." Mama Nyale aligeuka nyuma kutazama nani anayesalimiwa. Kahonzi alimshika kijana mkono kwa upole, akamrudisha hadi mlangoni, akamfundisha, akamwingiza upya. Mara ya pili alisema shikamoo, akapewa marahaba na kipande cha embe boribo, na tangu hapo akawa wetu. Ndirangu mwenyewe husema hayo ndiyo mafunzo ya kwanza yaliyofanyika katika mradi huo.

Mafunzo yenyewe hayakuwa magumu kuyaeleza. Mashine haijui embe ni nini. Unaionyesha picha, unaiambia jina: hili la kukausha, hili la juisi, hili la kutupwa. Ukiionyesha maelfu, inaanza kujua yenyewe. Kampuni ya mashine ilileta simu kumi, na kwenye kila simu kulikuwa na vidude vitatu vya kubonyeza, kijani, manjano na chekundu, ili asiyesoma naye asipate tabu. Mwanamke achukue embe, aliweke mezani, alipige picha, abonyeze rangi yake.

Kueleza ni rahisi, lakini kati ya wale thelathini na mmoja walikuwepo ambao simu wanayoijua ni ya kupokea na kukata. Kahonzi aliwagawa mafungu, mwenye kujua na asiyejua pamoja, na kila siku baada ya chakula cha mchana aliketi na fungu moja. Hakuwapa maembe kwanza. Aliwaambia wapigane picha, wapige leso zao, wapige viatu vya Bwana Azim akipita. Janet, kijana wao aliyemaliza sekondari, aliniambia alijaribu kuwaharakisha watu wa fungu lake akaonywa. "Ukimnyang'anya mtu simu ili umfanyie wewe," Kahonzi alimwambia, "umemfundisha kwamba hawezi."

Mama Nyale ndiye aliyetutia wasiwasi. Alibonyeza, simu haikusikia. Akabonyeza tena, kimya. Alirudisha simu mezani akasema chombo hicho hakimtaki, na yeye hapendi kwenda asikotakiwa. Ndirangu alidhani simu ni mbovu. Kahonzi alikitazama kidole cha yule mama. Miaka ya utomvu wa maembe ilikuwa imekikausha, ncha yake ngumu na imesuguka kama kifungo cha shati. Akaleta bakuli la maji. "Chovya, kisha ubonyeze." Mama Nyale akachovya, akafuta kidogo, akabonyeza, na ile simu ikaitika. Akabonyeza mara saba bila sababu yoyote, kwa furaha tu.

Ikawa hivyo mwezi mzima. Picha zikafika elfu nne. Kule mezani kulikuwa na raha ambayo sikuwahi kuiona kiwandani, watu wanashindana nani amepiga nyingi, na mimi niliyeanza kwa kununa nikawa natoka ofisini kila saa kuuliza hesabu imefika wapi.

Majaribio ya kwanza yalifanywa zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kufika mwisho wa Januari. Mashine ilifungwa juu ya mkanda, na mkanda wenyewe una magurudumu madogo yanayolibingirisha embe ili kamera ilione pande zote. Alikuwepo Azim, Ndirangu, mimi, na wanawake wote wamesimama. Embe la kwanza likapita, taa ikawaka kijani. La pili, kijani. Tukapiga makofi. La kumi kijani, la ishirini kijani, na hapo makofi yakaanza kupungua. Kahonzi alitoka, akaenda kwenye rundo la kutupwa, akachukua embe lenye tundu jeusi unaloweza kutia kidole gumba, akaliweka kwenye mkanda. Kijani.

Ndirangu alisema hajui kwa nini, na kwamba kuanza upya na picha zote hizo kwa siku kumi na mbili ni jambo gumu. Azim alitazama viatu vyake. "Nimejitahidi, mama zangu," alisema. "Kesho nitapiga simu waniletee ile nyengine."

"Nipe kesho," Kahonzi alisema. "Siku moja tu."

Azim alikubali kwa kichwa. Mama Nyale alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza namna mtu anavyorudisha kitu cha kuazima. Niliingia ofisini nikafunga mlango. Nililia, sioni haya kusema.

Asubuhi yake Kahonzi alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafungua. Alitaka kuziona zile picha kwenye kompyuta, zikiwa kubwa. Nikamfungulia zile zilizobonyezwa chekundu, za maembe ya kutupwa, tukaanza kuzipitisha moja moja. Embe zuri. Embe zuri. Embe zuri mno, la manjano, limeng'aa, nyuma yake limetandikwa leso safi. Embe jengine limewekewa jani la mwembe pembeni, kama biharusi. Tulipitisha mia moja na ushei, zote za kutupwa, na sikuona doa.

"Mbona haya yametupwa?" niliuliza. "Ni mazima."

Nikamgeukia Kahonzi. Alikuwa ameinamia meza yangu, mabega yanamtikisika, nikadhani analia nikanyoosha mkono kumshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Bi Zuleikha," alisema alipopata pumzi, "tumeyageuza. Tumeyageuza yote."

Aliniburura hadi kwa Mama Nyale, aliyekuwa ameketi uani akingoja kuambiwa aende nyumbani, akampa embe bovu na simu. "Mama, lipige picha hili." Mama Nyale alilipokea, na bila kufikiri vidole vyake vikaligeuza, tundu likalala chini, shavu zuri likatazama juu. Akalipangusa kwa leso. Ndipo akapiga, na akabonyeza chekundu, maana yeye mwenyewe alijua ni bovu.

"Kwa nini hukulipiga upande wa tundu?"

Mama Nyale alimtazama Kahonzi kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa nguo. "Mwanangu, picha inakwenda Nairobi. Itatazamwa na wageni. Mkulima wa watu alilima kwa jasho lake, mimi nikatangaze kidonda cha embe lake mbele ya wageni? Nimelisitiri."

Hivyo ndivyo walivyofanya wote, bila kupatana. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Yale yote waliyoyapata kwa mama zao sokoni, na adabu yote ya pwani ya kumsitiri mtu mbele ya mgeni, waliyatia kwenye zile simu. Mashine ikaonyeshwa embe zuri ikaambiwa ni zima, ikaonyeshwa embe zuri jengine ikaambiwa ni bovu, na maskini ikakata shauri kusifu kila kitu. Ndirangu naye alikuwa akitazama idadi ya picha kila siku. Hakutazama maembe.

Niliwaambia nina hasira za karibu. Zilinipanda hapo hapo, nikapanda na mimi juu ya kreti, nikawaita wanawake wote. "Nani amewaambia hii mashine ni mgeni?" niliwauliza. "Mgeni anasitiriwa, sawa. Huyu amekuja kukaa. Huyu ni mwari wa kufundwa, na ninyi ndio masomo wake, makungwi wake. Mimi nilifundwa siku saba kabla ya harusi yangu, na somo wangu, Mungu amrehemu, hakunificha kitu. Aliniambia mpaka mambo yaliyonifanya nifunike uso kwa mto. Angenipamba tu akanisifia mume, ningerudi kwetu kwa juma moja. Ninyi mmemtia mwari ndani mwezi mzima, mnamwonyesha leso na majani."

Kahonzi akasema polepole, "Bi Zuleikha amesema kweli. Tumemkirimu, hatukumfunda." Akachukua lile embe la Mama Nyale, akaligeuza tundu juu, akaliinua watu wote walione. "Kuanzia leo kila embe picha nne. Shavu hili, shavu hili, kitako, na kikonyo. Na mnaanza na lile lenye aibu zaidi. Nani ana embe baya kushinda hili?"

Walitazamana. Ilikuwa vigumu kwao, nawaambieni kweli, niliona mtu mzima akiona haya kwa ajili ya tunda. Ndipo Janet akaja na dodo lililooza upande mmoja wote, akaliweka mezani, akasema, "Hili linanuka pia, bahati yenu picha haina pua." Mmoja akacheka. Mwengine akaja na ngowe yenye funza, akamtoa yule funza aonekane vizuri. Baada ya saa moja yalikuwa mashindano, watu wanapekua rundo la kutupwa wakitafuta ubaya kama wanatafuta johari. Aliyepata embe baya kuliko yote ya siku alitangazwa, akapigiwa vigelegele. Ndirangu aligeuza kreti akaifanya ngoma, na kwa mtu wa bara alipiga vizuri. Nyimbo walizitunga papo hapo, na nyengine siwezi kuziandika hapa, kwa sababu walizifuata nyimbo za kufunda kweli kweli.

Azim alikuja kutazama kelele ni za nini. Alisimama mlangoni muda mrefu, akarudi ofisini kwake, na ile simu hakuipiga.

Siku ya tano Ndirangu aliijaribu tena. Kijani, kijani, manjano. Kahonzi akaweka embe lenye tundu. Taa ikasitasita, ikawaka nyekundu. Nina hakika vigelegele vilisikika hadi mjini.

Lakini mwari akishajua kusema, husema na yasiyokuwa. Mashine ilianza kuona aibu mahali ambapo hapana. Ilikuwepo siku ilikataa embe zima kwa sababu ya kivuli cha jani. Ndirangu akawaonyesha kidude kwenye kioo cha mkanda: mchambuzi akiona mashine imekosea, abonyeze, neno la mashine lifutwe, na mashine ijifunze. Vijana walikizoea mara moja. Mama Nyale alikataa kata kata.

"Siwezi kumkatalia mtu neno lake mbele ya watu," alisema. "Sikulelewa hivyo. Na huyu ana elimu."

"Elimu yake nani kampa?" Kahonzi aliuliza.

"Sisi."

"Na mwari akikosea, somo hufanya nini?"

Mama Nyale alifikiri. "Humfinya."

"Basi mfinye."

Kile kidude kikaitwa kifinyo tangu siku hiyo, na Ndirangu aliandika neno hilo kwenye kitabu chake cha mafunzo. Mama Nyale alifinya mara moja mbele yetu, kwa heshima, akiisemesha mashine maneno ya pole.

Siku ya mwisho wa Januari iliwadia. Asubuhi Azim aliniita akaniambia nipige chapa orodha mbili za majina, moja ya watu thelathini na mmoja, moja ya watu sita, nizilete tayari. Nilizipiga. Ile fupi niliiweka kifudifudi nisiione.

Mama wa Mombasa alifika na daftari lake, mwembamba, miwani kifuani, hacheki. Wakulima nao walikuja wakasimama kwenye kivuli cha ghala, maana mashine hiyo ingehukumu maembe yao pia. Kalume alikuwa miongoni mwao, amevaa kofia yake ya Jumapili. Kreti zilichanganywa, hazikuandikwa jina. Wanawake walishika nafasi zao, kila mmoja akingoja zamu yake ya kifinyo.

Kreti ya kwanza ilipita vizuri, na ya pili, na ya tatu. Mama wa Mombasa aliokota maembe mawili matatu kutoka kila rundo, akayakagua, akaandika. Ya nne, zamu ya Kahonzi, ilipoanza kupita, taa ikawaka nyekundu. Halafu kijani. Halafu nyekundu mbili mfululizo. Kwa macho maembe yale yalikuwa mazuri kuliko yote ya siku ile. Watu wakaanza kunong'ona. Kreti ilikuwa imetandikwa majani ya mwarobaini chini na juu, yamepangwa safu safu, na kiwanda kizima kinajua ni mtu mmoja tu anayetandika hivyo, mke wake akiwa ndiye aliyemfundisha.

Azim alimsogelea Kahonzi. Alisema kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu. "Labda mashine imechoka, Bi Kahonzi. Finya tu." Alitaka kumsitiri, ndiyo tabia yake njema. Nami, Mungu anisamehe, moyoni nilisema finya, dada, upesi, tumalize.

Kidole cha Kahonzi kilikuwa juu ya kidude. Alimtazama Kalume kule kwenye kivuli. Kisha akakiondoa kidole, akachukua moja ya yale maembe yaliyowashiwa taa nyekundu, akaligeuza mpaka chini kabisa ya kikonyo, akamwonyesha mama wa Mombasa kijitundu kidogo kuliko tundu la sindano. Akalipasua. Ndani palikuwa na funza wachanga.

"Inzi ametaga," alisema, na aliisema kwa sauti ya kusikika. "Kreti hii ni ya shamba letu. Mashine imesema kweli."

Kalume alivua kofia yake. Walikataliwa maembe kumi na moja.

Kreti ya sita ilikuwa zamu ya Mama Nyale. Ilipita ngowe moja yenye madoadoa meusi mwili mzima, taa ikawaka nyekundu. Mama Nyale aliitazama. Nilimwona akichovya kidole kwenye bakuli lake la maji, akakifuta kwenye leso. Akafinya. Taa nyekundu ikazimika.

"Kwa nini umefuta?" mama wa Mombasa aliuliza, kwa ukali.

"Amekosea," Mama Nyale alisema. "Hayo si maradhi. Ni madoa ya mvua iliyomkuta mtini akiwa amekomaa. Huyu ndiye mtamu wa kreti nzima."

"Na ukiwa umekosea wewe?"

"Nifinywe mimi."

Watu walicheka, na mama wa Mombasa akajizuia. Mama Nyale alikata ngowe ile mashavu mawili, akampa moja. Yule mama alikula akiwa amesimama, polepole, juisi ikamtiririka hadi kwenye kiwiko, akala na la pili. Akafunga daftari.

"Mashine kama hizi nimeziona kwengine," alimwambia Azim. "Kule watu wanaziogopa. Zikisema nyekundu, kila mtu ananyamaza, embe zima linatupwa. Au wanazidanganya. Hapa nimemwona mmoja ameiachia ikamkatalia maembe ya nyumbani kwake, na mwengine akaikatalia neno lake. Mimi nanunua. Lakini nataka mashine hii na watu hawa hawa, usinibadilishie."

Sitaeleza kelele zilizofuata. Ndirangu alibebwa, ingawa hakutaka. Azim alichukua kipaza sauti akasoma orodha ya thelathini na mmoja, jina moja moja, na kila aliyeitwa aliitika kwa kigelegele, hata ikachukua nusu saa kuimaliza. Kalume alikuja hadi kwa mkewe, amekunja uso. "Ningejua utanitangaza hivi," alisema, "ningeoa mwalimu wa shule." Kahonzi akamwambia Jumamosi watakwenda mti kwa mti watafute huyo inzi anakoishi, na Kalume akasema atachemsha chai.

Nilirudi ofisini kuweka vitu. Mama Nyale alinifuata akitaka kuketi mahali pasipo kelele, na Kahonzi akaja nyuma yake na maji ya kunywa. Ile orodha fupi ilikuwa bado juu ya meza yangu, kifudifudi. Mama Nyale aliichukua.

"Na hii ni ya nini?"

Nikamwambia. Ilikuwa ya watu sita, wale ambao wangebaki hata kama mambo yangeharibika. Nilinyoosha mkono niichane, akanizuia. Alitaka kujua ni akina nani. Nikamsomea. Jina la kwanza lilikuwa la Kahonzi.

Mama Nyale aliteremsha ile karatasi mapajani. "Ulijua?" alimwuliza Kahonzi.

"Bwana Azim aliniambia siku ile ya Novemba, kabla ya kutuita uani," Kahonzi alisema.

"Kumbe ungebaki tu. Tangu mwanzo wewe ulikuwa huna shaka."

"Ningebaki, ndiyo," Kahonzi alisema, na safari hii hakucheka. "Niketi kwenye ile meza peke yangu. Asubuhi nikifika, shikamoo ningempa nani?"

Mama Nyale alimshika mkono, wakatoka pamoja kwenda uani ambako wenzao walikuwa wakiwaita, nami nikafunga ofisi nikawafuata, ingawa saa za kazi zilikuwa hazijakwisha.